Baba Hana Saratani

Baba Watoto,

Chai ya Baba iko kwenye chupa. Ipoze kwanza, ya moto inamchoma kifua. Kidonge cha kiungulia anywe kabla ya kula.

Ukiwa bado zamu, bima walimtumia Baba ujumbe: wameidhinisha matibabu ya saratani ya umio, njia ya chakula. Si kweli. ~~Kompyuta imekosea.~~ Nimekosea mimi. Faili lake lilikuja ndani ya rundo la kliniki ya saratani. Kazini tunaangalia namba, si majina, basi nikaliandikia msimbo wa saratani, ile namba ya ugonjwa inayokwenda bima, kama mengine, bila kusoma. Nimejifungia bafuni nikampigia mwenzangu wa kazini alifungue faili. Daktari ameandika kwamba chembe hai za umio zimeanza kubadilika na zifuatiliwe, lakini bado si saratani.

Baba alivua saa yake akamvisha mwanetu. Akaniuliza, “Mkwe, wewe ndiye wa hospitali, hebu nieleze.” Nikasema nimechelewa, nikatoka mbio. Uso nitauficha wapi?

Nimekwenda kurekebisha. Amejilaza chumbani, mwamshe sasa hivi umwambie. Mrudishie na saa yake.

~~Usimwambie ni mimi.~~

Mwambie ni mimi.

Mkeo, yule wa hospitali