Niliinua Sindano Kabla Tarumbeta Haijamaliza

Mshauri wetu mpendwa, mimi si mtu wa kuomba msaada, waulize watu wote wa mtaa wetu, lakini leo naomba, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe ingawa mjukuu wangu alitaka kunisaidia nikamkatalia, maana shule niliishia darasa la tatu lakini kuandika najua na ninachotaka kusema nakijua zaidi, kwa hiyo usijali mwandiko, wewe soma tu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nimestaafu, na mageti mengi ya mjini kwetu ni kazi ya mkono wangu, nenda kayatikise uone kama kuna lililolegea. Lakini sikuandikii habari za mageti. Nakuandikia habari za chama chetu cha wasikilizaji wa jazi, ambacho mimi ni mmoja wa waanzilishi, na mimi ndiye mshika sindano, yaani gramafoni haiguswi na mtu mwingine yeyote, santuri naweka mimi na natoa mimi, ndiyo maana wananiita Mzee Sindano. Tunakutana Jumapili alasiri chumba cha nyuma cha karakana ya seremala, tunafagia vumbi la mbao, tunakaa kwenye viti ambavyo seremala hajapata mteja wa kuvinunua, kwa hiyo ukikizoea kiti mwezi huu, mwezi ujao hukikuti. Mwenyekiti wetu ni mama mmoja mkunga mstaafu, mkali kweli kweli, na mwaka huu mambo yetu yalikwenda vizuri, chumba tumekipaka rangi, spika mpya tumepata, vijana wameanza kuja, na tukafanya siku ya wageni, ambayo ndiyo iliyoniharibia.

Nikueleze kwanza desturi yetu moja tunayoiita kufunika. Mwanachama analeta santuri amelifunga jalada lake kwa gazeti asilione mtu, mimi naiweka, watu wanasikiliza mpaka mwisho bila mtu kutamka neno, ukitaka kukohoa unatoka nje. Ikiisha ndipo kila mmoja anasema alichokisikia, nani anapiga, ni ya enzi gani, kizuri kipi, kibaya kipi, halafu aliyeileta anafunua. Katika kufunika mimi sijawahi kushindwa, na sijisifu, nasema lilivyo. Mpiga saksafoni akivuta pumzi ya pili tu mimi nimeshamjua. Mwenyekiti hunichokoza, ananiambia, "Masikio yaliyopigiwa nyundo maisha yote yanasikia nini?" namwambia, mama, nyundo ndiyo iliyoyafundisha.

Sasa nina rafiki yangu, yeye ni kinyozi na sisi tunamwita hivyo hivyo, Kinyozi. Chama tulikianzisha pamoja. Kila Jumamosi ananinyoa ndevu, tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, mimi nakaa kwenye kiti chake nazungumza, yeye ananyoa, akimaliza ananifuta shingo ananiambia, "Haya bwana, umekuwa mtu," basi, urafiki wetu ndivyo ulivyo. Miaka yote hiyo hajawahi kuleta santuri ya kufunika. Nikimuuliza anasema, "Mimi nasikiliza za wenzangu, inanitosha."

Siku ya wageni akaleta. Kasanturi kadogo, kamekwaruzwa. Chumba kimejaa, wengine wamesimama mlangoni, nikakapuliza vumbi nikakaweka. Bendi ikaanza, bendi ya watu wa kawaida tu, ngoma inakimbia, piano haijarekebishwa sauti, halafu ikaja tarumbeta peke yake, na ile tarumbeta, mshauri, sikufichi, ilikuwa mbaya, inapanda inakwama, inatetemeka, mahali pengine sauti ikapasuka kabisa. Na mimi nina wageni mbele yangu nataka wajue kwamba hapa wamekuja kwa watu wanaojua mambo, nikasema kwa sauti, "Huyu bwana anapuliza tarumbeta au anapuliza jiko la mkaa? Mpepeeni jamani, atazimia." Watu wakacheka. Walivyocheka nikanogewa, nikafanya kitu ambacho hakijafanywa tangu chama kianze, nikainua sindano wimbo ukiwa katikati, nikasema tusichoshane, mtu alete nyingine.

Kinyozi akaja pale mbele akanyoosha mkono. Nikampa santuri yake. Akaifunga tena kwenye gazeti, pole pole, kama mtu anayemfunika mtoto, akasema, "Ahsante. Ilikuwa imebaki kidogo tu." Akatoka. Mimi nikadhani kaenda haja, nikaweka nyingine.

Siku chache baadaye binti yake akaja kwangu. "Shikamoo baba. Baba kasema nikurudishie ufunguo wa chumba cha chama, hana kazi nao tena." Nikamuuliza, kwani kanuna? Akaniangalia.

"Ina maana hujajua ile tarumbeta ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya mtu asiyejua kupiga.

"Ni ya baba," akasema.

Nikakaa chini, mshauri. Akanieleza kwamba baba yake katika ujana alipiga kwenye bendi ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, wakarekodi santuri hiyo moja tu, kiwanda kikafungwa, bendi ikafa, na tarumbeta haikuwa yake, ikarudishwa. Hakumwambia mtu. Na sasa macho yamefifia, wembe umemshinda, na mwisho wa mwezi huu binti anawachukua yeye na mkewe wakakae kwake, mbali, safari ya kutwa kwenye basi. "Mama ndiye aliyemsukuma," akaniambia. "Alimwambia, unawaacha hawa watu moja kwa moja, wakusikie hata mara moja. Baba akasema, naogopa mdomo wa yule. Mama akamwambia, yule ni rafiki yako, atakusikiliza."

Tangu siku hiyo sijanyoa. Kwa kinyozi mwingine siendi, kwa yule siwezi kwenda. Mke wangu kaniambia nafanana na mtu aliyefiwa, nami nikamjibu vibaya, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu.

Usidhani sikujaribu. Nilikwenda kwake. Nikamkuta barazani, masanduku yamepangwa ukutani, nikakaa, tukaamkiana, tukazungumza habari za jua. Nilikuwa na neno langu nimeliandaa njia nzima. Lakini nilipofungua mdomo likatoka jingine, nikasikia namwambia, "Unajua, kosa lako lilikuwa pumzi. Ulikuwa unavutia kifuani, tarumbeta inataka tumbo."

Akayaangalia masanduku yake. Halafu akasema, "Najua. Nilikuwa kijana, bwana, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwekwa mbele ya maikrofoni. Niliogopa." Akainuka akaniambia anakwenda kujinyoosha kidogo, ndiyo lugha ya kunifukuza hiyo, naijua. Mkewe hakunisindikiza hata mpaka kizingitini.

Sasa mwenyekiti anasema lazima nisimame Jumapili mbele ya chama niombe radhi, la sivyo gramafoni atapewa mwingine. Mimi nisimamishwe kama mtoto wa shule, kwa umri huu? Mke wangu anasema niende nikamwambie Kinyozi kwamba alipiga vizuri, yaishe. Lakini hakupiga vizuri, mshauri. Juu ya muziki sijawahi kusema uongo, sikumdanganya hata marehemu kaka yangu aliyekuwa akiimba. Nimwombe radhi mtu kwa jambo la kweli? Na nisipomwomba, ataondoka hivi hivi, na mimi usiku silali, na kila nikiweka santuri siku hizi siisikii, namsikia yeye tu akisema imebaki kidogo. Nifanye nini? Nijibu bila kunionea huruma, lakini usizidishe.

Ni mimi Mzee Sindano.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo mzee wangu. Heshima yako nimeitoa, sasa niache nikuseme.

Kwanza pole. Mtu aliyeacha kunyoa ndevu kwa sababu ya rafiki hana moyo mbaya, na barua yako imenigusa kuliko ulivyotaka. Lakini umejizungusha kwenye swali ambalo hakuna aliyekuuliza. Hakuna anayetaka useme ile tarumbeta ilikuwa nzuri. Mwenyewe kakuambia barazani kwamba anajua. Mkeo kakushauri uongo kwa nia njema, lakini usiufuate, Kinyozi atautambua kabla hujaumaliza, na utakuwa umemdharau upya.

Kosa lako si sikio. Chama chenu kina desturi kwamba kila santuri, ya fundi au ya mwanafunzi, inasikilizwa mpaka mwisho ndipo watu waseme. Wewe umeilinda kwa wote, mgeni akikohoa mnamtoa nje. Mtu mmoja tu ndiye uliyemnyima, na ni yule aliyesubiri karibu maisha yake yote kuipata. Kama ungenyamaza, santuri ikaisha, kisha ukasema imepasuka hapa na kukwama pale, angekaa kwenye kiti chake akasikiliza kama wengine, halafu angefunua gazeti. Hilo ndilo alilolijia. Hakuja kusifiwa.

Tena unajigamba kwamba pumzi ya pili tu inakutosha kumjua mtu. Huyu bwana amepumua juu ya uso wako kila Jumamosi tangu ndevu zako zikiwa nyeusi, na hukumjua. Nakuambia hivi kwa sababu umeomba nisikuonee huruma. Ulikuwa kwenye kiti chake ukizungumza. Kama siku moja ungemuuliza, "Na wewe bwana, ulikuwa nani kabla ya wembe?" huenda angekuambia.

Sasa sikia la kufanya. Nenda kwake kabla ya Jumapili, na uende wewe mwenyewe, usimtume mkeo wala mjukuu, na kama hana gramafoni mbebee ya chama. Habari za pumzi, kifua na tumbo ziache nyumbani. Mwambie maneno haya, na usiongeze lako: "Nilikukatiza mbele za watu. Nimekosa. Naomba uniwekee santuri yako yote." Kisha nyamaza. Najua hapo ndipo patakapokuwa pagumu. Akikuwekea, kaa mpaka mwisho mikono ikiwa magotini. Akikuuliza umesikia nini, mweleze ulichosikia, kibaya na kizuri, kwa sababu hiyo ndiyo haki ya kila mwanachama, na yeye bado ni mwanachama hata kama ufunguo umerudi kwako.

Huenda asikuwekee. Jiandae kwa hilo pia. Jambo lililomchukua miaka yote hiyo kulileta mbele yenu halilazimiki kurudi kwa sababu wewe umejuta. Akikataa, mshukuru, kaa naye kidogo, msaidie kufunga sanduku, urudi nyumbani. Usimlaumu kwa watu.

Na Jumapili simama. Mwenyekiti wako ana haki. Kicheko ulikipata mbele ya chumba kizima, wageni wakiwa mlangoni, huwezi kukirudisha kwa kunong'ona barazani. Sema ulichofanya kwa sentensi fupi, ukae chini. Gramafoni ukinyang'anywa, nyang'anyika. Umri wako hautapungua kwa hilo, wala mageti yako hayatalegea.

Mzee wangu, atahama. Hilo huwezi kulizuia, na sehemu ya uchungu ulio nao utabaki nao hata ukifanya yote niliyokuambia, sitakudanganya. Lakini mtu anayehama akiwa amekusamehe hapotei, utamfuata kwa basi siku ukimkumbuka, na utapokewa. Anayehama akiwa amekufungia mlango, hata akihamia nyumba ya pili hutamwona tena. Ukimaliza kusoma haya vaa viatu. Ukifika piga hodi, na yeyote atakayekufungulia, hata akiwa ni mkewe na amekukunjia uso, mwambie umekuja kusikiliza.