Lyse Kwenye Kiti cha China

Point, Durban
30 Machi 2013

Mpendwa Kaka Vénérand,

Salamu tele kutoka kwetu. Je, kifua cha wifi kimepona? Sisi wazima kabisa, na leo naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Saluni inapata wateja, ingawa wiki hii barabara zilijaa polisi. Wakuu wa China, Urusi, India, Brazili na Afrika Kusini walikutana hapa Durban, wakakubaliana kuanzisha benki yao wenyewe.

Sasa neno kubwa: mwanao. Ulisema kama Lyse hatafungua mdomo darasani hadi Pasaka, nimrudishe kwenu Buyenzi. Mwaka mzima Kiingereza kilimkwama kooni, nami sikulala vizuri, maana nimemzoea mno huyu mtoto.

Kabla shule hazijafungwa, darasa lao liliigiza mkutano wa Benki ya Dunia, ambako kila nchi ina kiti na kura zake, nyingine nyingi, nyingine chache. Wenzake waligombania Brazili na Afrika Kusini. Kiti cha China kikabaki, akapewa bubu wetu. Wazazi tulialikwa. Nilikaa nyuma na Julienne, yule Mkongomani ninayesuka naye saluni.

Msichana wa kiti cha Marekani akasema China isubiri kuongezewa kura, ilizo nazo zinaitosha. Lyse akasimama. Akasema kwao pombe ya mtama hunywewa kwenye mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake. China ilishakaribishwa mtungini zamani, na mtama inaleta mwingi. Mbona imepewa mrija mfupi? Ipewe mrefu, la sivyo itapika pombe yake yenyewe.

Ukumbi ulicheka, kisha makofi! Kaka, nililia mbele za watu. Julienne akapiga kelele: "Eish, mama! Huyu mtoto iko na akili sana!" Mzee wetu wa kanisa akageuka kuniuliza mtoto wa mlokole ameijulia wapi pombe. Nikamwambia akuulize wewe, baba yake.

Tangu hapo hanyamazi. Aliposikia habari za ile benki mpya, alidai wakuu wamefuata ushauri wake.

Pasaka ni kesho, na tiketi ya kurudi sijakata. Lyse haogopi tena darasa wala Kiingereza. Anaogopa kukuambia wewe jambo moja tu, kwa hiyo nimemwachia nafasi hapo chini.

Nisalimie wifi, Armel na shangazi Nahimana. Mungu awajaze amani nyumbani mwenu.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Sesilia

Baba, naomba nibaki. Lyse.