Koti Lisilo na Vifungo

Jumatano, 6 Agosti 1997, Kashikishi

Nimerudi sokoni. Marobota ya salaula, mitumba, yamefunguliwa asubuhi, nami nikainama kwenye rundo na wanawake wengine, tukivutana. Nimepata sweta mbili za sufu, za watu wazima. Moja imeliwa na nondo mgongoni. Si neno, nitaifumua.

Shule zimefungwa. Baba Mwansa ametuma salamu kutoka kambi yao ya uvuvi kisiwani Chisenga: anakuja Jumamosi kutuchukua, tukae naye mpaka mwisho wa mwezi. Mwansa anaruka tu. Ana miaka saba, hajawahi kulala kisiwani. Mimi naona kifua chake. Amekohoa mwezi mzima wa Juni, na upepo wa ziwani mwezi huu hauna huruma.

Kwa hiyo tutavaa tabaka tatu, kama marehemu baba alivyonifundisha kwenye cherehani yake kule Likasi. Pamba ndani, inywe jasho. Sufu katikati. Juu, kitu cha kuzuia upepo. Sinunui kipya. Blanketi kuukuu lipo, na mfuko wa plastiki wa mbolea nimeufua mara nne, utakuwa bitana.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeshona tangu asubuhi. Koti la Mwansa limekwisha: vifungo vya karibu karibu mpaka shingoni, upepo usipate pa kupenya. La baba Mwansa nimelishona kwa nusu ya blanketi na kulitilia vifungo saba vikubwa vya kahawia, vile vya kopo la baba. Nilivibeba kutoka Likasi nilipoolewa. Nilikuwa navitunzia kitu cha maana.

Mama mkwe amekaa mlangoni akinitazama. Huku mama ni mayo, nami namwita hivyo hivyo. Jioni akasema, kwa Kiswahili chake cha kuuzia samaki:

“Ii manguo ni ya kwenu ku mulima. Hapa ni mayi.”

Alimaanisha maji. Akaondoka. Miaka minane, na bado mimi ni yule Mukongo aliyemchukulia mwanawe. Nilishona kifungo cha mwisho kwa hasira na kujichoma kidole.

Jumamosi, 9 Agosti

Amefika mchana. Amekonda. Nimemvalisha koti, likamkaa vizuri sana. Akacheka, akageuka huku na huku kama bwana harusi. Kisha akamtazama Mwansa aliyevaa lake, akagusa kifungo cha shingoni.

“Bana Mwansa,” yaani mama Mwansa, akaniuliza, “itatoka namna gani?”

Sikumwelewa. Koti linatoka kama koti.

Kesho asubuhi mayo atampima Mwansa. Kumbe ndiyo desturi ya nyumba hii: mtoto hapandi mtumbwi mara ya kwanza mpaka aingizwe majini na nguo zake, avue mwenyewe, atoke. Baba Mwansa alipimwa hivyo. Dada zake pia. Mimi sikupimwa kwa sababu nilikuja mtu mzima na tena hakuna aliyejali. Sipendi.

Jumapili, 10 Agosti

Sina nguvu za kuandika sana.

Mayo alimpeleka Mwansa mpaka maji yakamfika kiunoni. Akamwambia achuchumae, kisha avue. Sufu ilikunywa maji, blanketi likanywa maji, mfuko wa mbolea ukajaa. Mwansa alihangaika na vifungo. Vidole vilikufa ganzi. Alifungua kimoja. Kimoja tu! Akaanza kulia, akateleza, akazama kichwa. Mayo alikuwa amemshika mkono, lakini mimi niliruka na kanga yangu ya kanisani nikamtoa mwenyewe.

Watu waliokuwa wakianika chisense mchangani waliacha samaki wao wakatutazama. Mayo hakunisuta. Ingekuwa afadhali angenisuta.

Usiku huu Mwansa anakohoa.

Jumatatu, 11 Agosti

Homa. Zahanati wamempiga sindano na kutupa dawa ya maji. Kifua kinalia.

Namchukia huyu mama. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusema. Nilishona siku nzima ili mtoto asipate baridi, yeye akamtumbukiza majini asubuhi, kwenye upepo! Halafu analeta uji, anauweka chini, anatoka. Sitaki uji wake. Mwansa ameunywa wote.

Jumatano, 13 Agosti

Homa imeshuka kidogo. Hatuendi kisiwani. Wenzake wanamngoja na nyavu, baba Mwansa ameondoka leo na wanaume wawili. Tangu Jumapili tulikuwa hatusemezani vizuri. Jana jioni mwenyewe aliniomba koti lake, nikajua anataka amani. Nikalitundika mlangoni.

Asubuhi nilimsindikiza na mtoto mgongoni. Upepo mkali. Na yeye amesimama mtumbwini, koti wazi, linapepea, amelishika kwa mkono mmoja kifuani kama mwanamke anayeshika kikwembe alichojifunga. Mbele ya Kashikishi nzima! Nikadhani ananidhihaki. Nilisogea. Vifungo havipo. Vyote saba. Nyuzi tu zimening'inia.

Nilimwona mayo nyuma yangu. Hakukana.

“Nilikata bifungo byote, miye.”

Nilimwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mama mkwe. Nilisema anataka mwanawe afe kwa baridi ili anitupie mimi lawama. Baba Mwansa alisikia. Mtumbwi ulikuwa umeshasukumwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Upepo haujakoma tangu jana saa sita mchana. Ziwa limekuwa jeupe. Mitumbwi yote imevutwa juu mchangani.

Hakuna habari ya Chisenga.

Ijumaa, 15 Agosti

Wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya ziwa wamefika Kabuta, kijiji cha wavuvi upande wetu. Wanasema wameona mtumbwi uliopinduka, hauna mtu. Hawakusema wa nani. Mitumbwi ni mingi. Nimejiambia hivyo mara nyingi mpaka maneno yameishiwa na maana.

Mayo ameingia, akakaa karibu na mbaula yenye makaa, akanisimulia bila kunitazama. Nilijua shemeji yangu mdogo alikufa ziwani kabla sijaolewa. Sikujua zaidi. Alikuwa amevaa koti zito la marehemu baba yake, siku ya baridi. Mayo mwenyewe alimfungia vifungo asubuhi ile, mpaka shingoni, kwa sababu alikuwa na mafua.

“Tulimupata na bifungo byote bimefungwa,” akasema.

Nilikaa naye. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Jumapili, 17 Agosti

Yuko hai.

Amekuja na boti ya Wakongo, amevaa shati na kikwembe cha mke wa mwenye boti. Miguu imechubuka. Wenzake wawili wazima pia. Mtumbwi umepotea, nyavu zimepotea, taa zimepotea. Walipinduka wakiwa karibu na kisiwa, wakaogelea, wakajikokota mpaka mateteni. Koti lilianza kumvuta chini, akanyoosha mikono nyuma, likamtoka lenyewe.

“Lilitoka bila kuniuliza,” amesema, akijaribu kucheka.

Nimelia mbele ya watu wote. Mayo hakulia. Alikwenda kuteka maji ya kumwogesha, mwanaume mzima wa miaka thelathini na nne, na yeye akakubali kuogeshwa.

Jumanne, 19 Agosti

Upepo umetulia. Mwansa amekula bukari, ugali wetu, na samaki, kikohozi ni kidogo. Baba Mwansa amelala bado. Hatujui msimu huu tutaumalizaje bila nyavu. Tutajua.

Nimefumua vifungo vya koti la Mwansa. Mayo ameleta uzi wa nyavu akanionyesha fundo la wavuvi: linashika imara, ukivuta ncha moja linaachia lote. Sufu nimeiacha, mfuko wa mbolea nimeutoa. Mwansa amevuta, koti likaanguka chini. Amelivaa tena na kulivuta tena, mpaka tukamwambia basi.

Mchana mayo alifungua pembe ya chitenge chake. Vifungo vyangu saba vilikuwa mle. Alikuwa anatembea navyo siku zote hizi. Alinipa, nikavipokea kwa mikono miwili. Nilianza kumwomba radhi kwa yale ya ufukweni. Akaniambia tu niangalie bukari isiungue.

Blauzi yake ya bluu anaifunga kwa pini, tangu nimjue. Nimeichukua kwenye kamba na nimeitia vifungo vitano vya baba. Viwili vimebaki koponi. Mayo haendi ziwani.