Inshallah ya Mshambuliaji wa Mombasa

Mjukuu wangu Saumu,

Marahaba, salamu zako kutoka Mwanza zimefika. Huku Usagara ya pwani tu wazima. Mamako mdogo kajifungua salama, na goti langu limetulia.

Unaniuliza ninavyostahimili timu yetu kukosa wachezaji kila usajili. Nimezoea tangu miaka ya hamsini. Wazee wa klabu walikwenda Mombasa kumtaka mshambuliaji hodari, naye akawajibu, "Inshallah." Wakarudi wakishangilia, tukapika pilau la kumpokea. Babu yako, aliyecheza nafasi hiyo na ndiyo kwanza kanioa, akaambiwa amwachie mgeni jezi. Niliifua mwenyewe, nikaikunja.

Basi la kutoka mpakani Horohoro likaja, mgeni hayumo. Mashabiki wakafoka kwamba wamedanganywa. Mama mkwe wangu akacheka. "Anayetaka kuja husema nakuja. Inshallah ya peke yake ni hapana ya mwenye adabu."

Watu walinuna mpaka pilau likapoa. Babu yako aliichukua jezi mikononi mwangu, akaivaa, nami nikapumua kama niliyetuliwa mtungi.

Hata leo wakimkosa mchezaji, mimi humtazama kwanza yule aliyebaki na jezi yake.

Bibi yako, anayekuombea.