Maji ya Tangi

Jumatatu, 7 Agosti
Sijamwambia mtu, kwa hiyo naandika. Maji aliyokunywa Babu leo si ya chemchemi ya hekaluni. Nimeyakinga kwenye tangi nyuma ya jiko.

Nimeingia mwezini alfajiri. Aliye mwezini hakanyagi hekaluni, basi. Ningemwambia Mama, lakini yuko kazini hotelini, mjini Denpasar. Nyumbani ni Babu na Baba Mdogo Darsana. Baba Mdogo nimwambieje? Nimebeba chupa na kikapu cha maua kama kila siku, nikajikalisha nyuma ya ukuta wa shamba la mpunga muda wa kwenda na kurudi. Nimechoka kama niliyefika.

Babu hamezi vidonge vya presha ila kwa maji ya chemchemi. Ndivyo alivyokubaliana na daktari.

Jumanne, 8 Agosti
Tangi tena. Baba Mdogo kaniuliza mbona nimewahi, au siku hizi miungu inanishikia foleni. Nikacheka kidogo. Hata kucheka kunachosha.

Alhamisi, 10 Agosti
Uvimbe wa miguu ya Babu umepungua. Amevaa ndala bila kushikwa. Anasema maji ya wiki hii ni matamu. "Luh, unaomba kwa moyo safi wewe."
Nikaenda kuosha sufuria. Zilikuwa safi.

Jumamosi, 12 Agosti
Siku zangu zimekwisha. Nimeosha nywele, nimepanda hekaluni kweli. Jero Mangku, kuhani wa chemchemi, kanitazama: siku tano sijakuona, babu yako yuaje?
— Hajambo, Jero.
Hakuuliza zaidi. Maji yanabubujika vilevile kutoka kwenye mchanga mweusi. Nimeomba msamaha mpaka magoti yakafa ganzi. Nikadhani yamekwisha.

Jumapili, 13 Agosti
Hayajaisha. Babu kamwaga vidonge vyote kwenye majivu ya jiko. Anasema maji yamemponya, vidonge vya nini tena? Baba Mdogo kamwambia presha haichezewi.
"Wewe udaktari umesomea wapi, kwenye pikipiki yako?" Halafu akanigeukia. "Shahidi wangu Luh. Ndiye anayeyaleta."
Wote wawili wananitazama. Nikasema kahawa inapoa.

Jumanne, 15 Agosti
Miguu imevimba tena, na uso pia. Baba Mdogo ameleta vidonge vipya. Babu hataki. Anasema hanywi maji ya kutosha tu, kesho nilete chupa mbili.
Nimemsihi: Babu, meza hata kimoja.
"Mjukuu wangu, wiki iliyopita nani aliniponya?"

Jibu ninalo mimi peke yangu. Wiki iliyopita alikunywa maji ya tangi, yale tunayooshea vyombo. Vilivyompunguzia uvimbe ni vidonge. Nikisema hivyo ataelewa, si mjinga. Lakini ataniuliza kwa nini sikwenda hekaluni, na nitalitaja neno lenyewe mbele ya Baba Mdogo. Na huenda Babu asipokee tena kitu mkononi mwangu. Kwa wiki nzima nimemdanganya kwa jina la chemchemi.

Babu anapumua kwa shida. Nawasikia kibarazani. Nimemwambia Baba Mdogo asiondoke, nina jambo. Amezima pikipiki. "Jambo gani, Luh? Sema." Nimesema naja, nikakimbilia huku ndani kwako, daftari langu.

Baba Mdogo ananiita mara ya pili. Naenda. Wewe usimwambie mtu. Niache niseme mwenyewe.