Taa Iliyokataa Kutulia kwenye Bariere

Bihambwe, Masisi
Tarehe 14 Novemba 2022

Mpendwa kaka Yves,

Salamu mingi katika jina la Yesu. Munaamukaje huko Lubumbashi? Muke wako Constance, mugongo wake unapona? Watoto wanasoma? Sisi tuko wazima, lakini sikia yaliyotupata njiani.

Jumanne jioni, jirani yetu Uwamwezi alishikwa na uchungu wa kuzaa, damu ikaanza kutoka. Bwana yangu Jérôme akawasha jeep tumufikishe hospitali ya Masisi. Sebahire, mume wake, akakaa mbele. Mimi nyuma, kichwa cha Uwamwezi juu ya mapaja yangu. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umeshuka mpaka barabarani.

Unajua Jérôme alitoa taa za kiwanda, akaweka zile nyeupe za xenon, zenye kisanduku cha kuongeza nguvu ya umeme. Kwenye mashimo, ya kushoto ikaanza: inawaka, inazima, inawaka. Tukasema itatulia. Wapi!

Karibu na Lushebere tukakuta bariere, kamba imefunga barabara, na watu wa bunduki ambao hatukuwajua.

"Zima taa! Unamupigia nani ishara?"

Kaka, nilisikia bunduki zikikokiwa. Jérôme akazima, akatoa mikono yote dirishani. "Mukubwa, si ishara. Taa njo imeharibika. Tuko na mugonjwa."

Mukubwa wao akamulika Uwamwezi na tochi, akaona damu. Hata hivyo akasema, "Itengeneze hapa, nione. Kama ni uongo, hamupiti."

Jérôme akafungua kapo, kile kifuniko cha injini. Akabadilisha visanduku, cha kulia akakipeleka kushoto: kama ugonjwa ungehama upande, basi ni kisanduku. Akawasha. Ikazima tena, ile ile ya kushoto, mbele ya bunduki. Sebahire alikuwa analia bila kujificha. Uwamwezi akanishika mukono. "Mama Wivine, usiache wanitoe ndani ya gari."

Jérôme akazima, akafuata waya ya masse na kidole, ile inayorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Ilifungwa kwenye chuma chenye kutu, na bulon, ile skrubu ya kuikaza, imelegea. Akaomba ruhusa ya kutoa kisu mufukoni. Wakamupa, lakini mudomo wa bunduki ukasogea mpaka kwenye mbavu zake. Akakwangua kutu, akakaza bulon, akawasha.

Zile taa huchelewa kidogo. Kwa ule wekundu na ubluu wake wa mwanzo, nilidhani tumekwisha. Kisha ikawa nyeupe, ikasimama imara.

Mukubwa akaitazama, akaitazama. Halafu akainua kamba mwenyewe. "Muende."

Uwamwezi alizaa mutoto mwanamuke mara tu tulipofika. Wote wawili wako hai. Sebahire alitaka aitwe Nuru. Uwamwezi akakataa kabisa, hataki tena kusikia habari ya taa.

Jérôme amerudisha taa za zamani, anasema gari iko sawa. Namuamini. Mimi siogopi taa, kaka. Njia njo naogopa, na kesho asubuhi Jérôme atapita tena pale pale kwenye bariere.

Utusalimie Constance, Merdi na dada Consolée, na mutukumbuke munapopiga magoti. Mungu aifunike nyumba yako na mabawa yake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye sana,
Wivine