Ng'ombe wa Mahari Yangu Ni Wagonjwa, Anayefukuzwa Ni Mgeni

Shikamoo Bibi Leonia. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, ingawa kugombezwa nastahili, maana tangu Jumamosi nina jambo na sina wa kumwambia.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa mwisho, nasomea magonjwa ya kuambukiza ya wanyama na ya watu, hasa yale yanayotoka kwa mnyama yakampata mtu, na nimerudi nyumbani Kidahwe kufanya utafiti wangu, kazi yenyewe ni kutoa damu ng'ombe wa vijijini na kuipeleka maabara, na kwa kuwa zizini kwetu wamo ng'ombe watatu walioletwa na kina Nickson, mchumba wangu, kwa ajili ya mahari yangu, nikaona nianzie hapo, nikawatoa damu baba akiwa shambani, bila kumwambia, kwa sababu kwetu mahari ikishapokelewa haikaguliwi tena, ukiikagua ni kama umemwita mkwe mwizi.

Jumamosi mwalimu wangu akanipigia simu akauliza, "Hawa ng'ombe wa kwanza ni wa nani?" Nikasema ni wa jirani, Bibi, nilidanganya hapo hapo, sijui hata kwa nini. Akasema, "Basi mwambie jirani yako aache maziwa mabichi. Wote watatu wana brusela." Huo ni ugonjwa unaomfanya ng'ombe atupe mimba, na mtu huupata kwa maziwa mabichi au kwa kushika mimba iliyotupwa, anapata homa inayokuja na kuondoka, viungo vinamuuma, na mjamzito anaweza kupoteza mtoto. Simu ilinitoka mkononi ikaangukia kwenye beseni la dagaa.

Nilishtuka hivyo kwa sababu nyumbani kwetu yuko Rozalia. Ni Mrundi, alivuka mpaka na wenzake mvua zilipoanza, akapotezana na mumewe njiani, mama akamkuta amekaa kando ya barabara na tumbo lake akamleta nyumbani, na kwa kuwa Kiha chetu na Kirundi chao tunasikilizana tu, baada ya siku chache alikuwa ameshakuwa mtu wa kwetu, na zaidi ya hapo amekulia kwenye ng'ombe, hata mmoja wa wale wa mahari alipotupa mimba ni yeye aliyeingiza mikono mitupu akamtoa ndama mfu pamoja na kondo lake, sisi tumesimama pale tunamsifu. Kila asubuhi mama anamkamulia kikombe, anampa kikiwa bado na joto la kiwele, "Kunywa, mtoto apate nguvu." Nilijaribu kusema yachemshwe, mama akajibu kwamba maziwa ya ng'ombe wa mahari hayawekwi motoni mpaka harusi ipite, ni kumuunguza bibi harusi, akacheka, "Au unataka kuungua, wewe?" Na mimi nikacheka.

Sasa Rozalia ana homa za jioni, amepimwa malaria hana, na ng'ombe wa pili naye ametupa mimba. Majirani wanasema mgeni amekuja na mikosi, na baba, ambaye si mtu mbaya, amesema lori la wakimbizi likipita mwisho wa mwezi Rozalia apande, aende kambini na mikosi yake.

Nilimfuata Nickson kwao Rusimbi nikamweleza yote. Hakushtuka, Bibi, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema, "Mzee wangu alijua mmoja aliwahi kutupa mimba, ndiyo maana akawatoa hao. Wewe nawe, nani alikutuma upime mahari yako? Nyamaza harusi ipite, tutawauza machinjioni."

Nikisema, baba ataaibika mbele ya ukoo, harusi itavunjika, na watu watasema shule imenituma nimdunge mkwe wangu sindano. Nisiposema, ni Rozalia. Kila asubuhi ananiamkia akiwa na kikombe mkononi, "Mwaramutse, muganga," yaani habari za asubuhi, daktari, na mimi nashindwa hata kumwitikia. Nifanyeje?

Mwanafunzi, Kidahwe

BIBI LEONIA ANAJIBU

Marahaba. Barua yako ilibidi nisomewe tena, maana mara ya kwanza nilidhani msomaji ameruka mstari. Nilikuwa nangoja afike pale ulipompokonya yule mwanamke kikombe. Hapakuwa na pale.

Nikamwambia binti anayenisomea akupigie simu papo hapo, kwa namba uliyoiandika. Hupokei. Labda bado inanuka dagaa. Basi nakujibu hapa gazetini, na mwisho wa mwezi ni Ijumaa hii, kwa hiyo ukifika kwenye mstari huu weka gazeti chini, nenda kazuie maziwa, halafu urudi kusoma. Matusi yangu yatakungoja.

Umerudi? Haya. Mimi sikusoma, na huyo mdudu wako sijui kama ana miguu au hana. Lakini umeandika kwa mkono wako kwamba mjamzito anaweza kupoteza mtoto, kisha ukaanza kunihesabia harusi, aibu, na maneno ya watu. Nani alikufundisha kupanga hivyo? Chuoni? Sidhani.

Sikwambii kwamba unaogopa bure. Kumwambia baba kuwa ng'ombe aliowapokea mbele ya ukoo mzima ni wagonjwa ni kazi ngumu, mjukuu wangu, ningekuwa karibu ningekushika mkono tukaingia wote, na mimi ningekaa mlangoni asitoke mtu. Lakini utaingia.

Na Nickson, pole. Pole sana, najua umempenda. Ila mtu akiambiwa kuna mjamzito anakunywa ugonjwa na asikunje hata uso, siku ukiugua wewe atakuuliza nani alikutuma upime. Harusi yako mimi siivunji. Nasema uitazame vizuri.

Sasa sikiliza. Rozalia aende hospitali leo, na uende naye wewe, umweleze daktari habari ya ng'ombe, ya maziwa na ya ile mikono mitupu, usimwache daktari abahatishe. Wote wa nyumba hiyo wapimwe, na wewe pia, maana sijaona mahali uliposema kwamba wewe hukunywa. Maziwa yachemke mpaka yafurike, na akitokea wa kusema bibi harusi anaungua, mwambie Bibi Leonia amesema aungue. Mwite bwana mifugo, yeye ndiye aseme ng'ombe wafanywe nini. Hayo ya kuwauza kimyakimya wasithubutu, wanataka kuupeleka ugonjwa jikoni kwa nani tena? Kwa wakwe aende mshenga, aliyeleta ng'ombe apeleke na habari zao. Na mwalimu wako mpigie umwambie jirani ni wewe.

Mama yako mwambie peke yake, pembeni, na umshike. Alimwokota mtu barabarani akampa kilicho bora nyumbani kwake. Akielewa kilichokuwa ndani ya kikombe, atasema ni yeye aliyemnywesha ugonjwa. Usimwache ajilaumu.

Kwa baba yako, usiishie kumnong'oneza. Rozalia amesemwa ana mikosi mbele za watu, asafishwe mbele za watu hao hao, kabla ya Ijumaa. Kama anataka kwenda kambini kumtafuta mumewe, aende, na cheti cha daktari mkononi, na mama yako amsindikize. Asipande lori kama mtu aliyeleta balaa, wakati balaa lilikuja kwa miguu yake minne kutoka kwa mkweo. Wenzetu hawa wanavuka tangu mimi sijaolewa. Wanafika wamebeba yao ya kutosha, tusiwaongezee na yetu.

Majina yote tumeyabadilisha, lakini Kidahwe si kubwa, kwa hiyo sema wewe kabla ng'ombe hawajakusemea.

Na kesho asubuhi akikuamkia, "Mwaramutse, muganga," itikia. Kisha tazama kilichomo ndani ya kikombe, na kama hakikuchemshwa, kimwage mbele ya mama yako.